Shingo ya Ritsu

9 Juni
Mvua za msimu zimeanza leo. Nimenunua daftari hili mbele ya stesheni kwa sababu lile la mwaka jana liliroa ndani ya basi, kurasa zikagandana.

Nimepigana na Ritsu tena, nimemshinda tena. Sisi wadogo hatupangiwi mshindi. Bosi Sugaya huwapangia wakubwa, wale ambao watu wanakuja kuwaona. Sisi tunafungua onyesho tu, dakika kumi, na atakayembana mwenzake mabega chini mpaka refa ahesabu tatu ndiye ameshinda kwelikweli. Mimi nina kilo sabini na moja, Ritsu hamsini na sita. Hakuna siri hapo.

Ila anayeshangiliwa ni yeye. Kila nikimwangusha, wasichana wa shule walioketi mbele wanalia. Akiinuka wanapiga kelele kana kwamba amefufuka. Nikitangazwa mshindi wanapiga makofi ya adabu, kama ya kwenye mahafali.

11 Juni
Mvua. Kabichi na mayai tena. Nimefua mavazi ya wakubwa, hayakauki.

14 Juni
Jumamosi, hakuna onyesho. Ritsu amelala chali kwenye mkeka akinisomea barua aliyomwandikia mama yake, ambaye ana saluni huko Kagoshima, kusini kabisa. Ritsu alitoroka pale akiwa na miaka kumi na sita ili aje afanye mieleka. Mama yake hajajibu barua hata moja kwa miaka miwili na hajawahi kuja kumwona.

"Nimemwambia kuhusu wewe," alisema. "Nimemwambia ninaishi na Kinue, anatoka kwenye theluji, anakula kama trekta."

"Trekta halili."

"Ndiyo nimemwandikia hivyo, ili acheke."

Kwetu ni mji wa makaa ya mawe, Hokkaido. Mgodi umefungwa, baba anakaa dirishani, mama anapika kwenye shule ya msingi. Nilikuja huku kwa sababu kule hakuna kitu kingine cha kufanya na mwili kama wangu. Ritsu alikuja kwa sababu anaipenda kazi hii. Nimekaa naye chumba kimoja miaka miwili na tofauti hiyo bado naiona kila asubuhi, yeye anavyoruka kitandani, mimi ninavyojivuta.

20 Juni
Mazoezini Kocha Kuzuhara alituamuru kurushana kwa nyuma mara hamsini kila mmoja. Kocha mwenyewe aliacha kupigana akiwa na miaka ishirini na mitano, kama wote, maana ndiyo kanuni ya kampuni. Sasa ana ishirini na nane na anatembea kama bibi.

Mara ya arobaini na kitu nilimrusha Ritsu, akatua vibaya. Nilisikia sauti ndogo. Aliinuka, akacheka, akaendelea. Wakati wa kula vijiti vilimdondoka mara tatu. Tulipobaki wawili aliniambia vidole vya mkono wa kushoto vinamcheza, kama vimelaliwa na mtu.

Nikamwambia twende kwa daktari. Akanishika nguo.

"Ukisema, watanirudisha nyumbani. Nitaosha vichwa vya wanawake wa Kagoshima hadi nife. Niapie, Kinue."

Nimeapa.

23 Juni
Amesema vidole vimepona. Nimeona anavyofunga kamba za viatu. Havijapona.

28 Juni
Bosi Sugaya alituita ofisini sote wawili. Ni mtu mpole, anaongea chini chini, hata chai alitumiminia mwenyewe. Alisema kuanzia Julai Ritsu atakuwa nyota mpya, atavaa nyeupe, atapigana mapambano ya mwisho. Ritsu aliinamisha kichwa mpaka paji likagusa meza. Mimi nikasubiri zamu yangu.

"Wewe, Otaki, utaenda upande wa waovu. Utakuwa adui yake."

Sijawahi kumjibu Bosi. Leo nilimjibu. Nikamwambia miaka miwili mimi ndiye ninayeshinda.

"Ndiyo maana," akasema. "Mshindi hamgusi mtu moyo. Anayeonewa ndiye anayejaza ukumbi. Na ili mtu aonewe, lazima awepo wa kumwonea."

Akaeleza masharti. Hatutalala chumba kimoja. Hatutapanda basi moja. Hatutaonekana tukizungumza, popote, hata dukani, kwa sababu wasichana wanatufuata kila mahali na wakituona tunacheka pamoja biashara imekwisha. Ukumbi mkubwa wa Osaka umeshakodiwa kwa tarehe saba Septemba. Tutamalizana huko, kugombea ubingwa wa Japani.

Tulirudi chumbani. Ritsu alikuwa analia kwa furaha na huku anajitahidi nisione.

29 Juni
Nimehama. Magodoro ya upande wa waovu yananuka sigara, ingawa sigara tumekatazwa.

3 Julai
Dada Nobue ndiye mkubwa wa upande wetu. Ulingoni anauma watu na kuwakaba kwa mnyororo. Chumbani anafuma soksi za watoto wa kaka yake. Leo amenikalisha kwenye ndoo, akaninyoa upande mmoja wa kichwa, kisha akanipaka uso mzima nyeupe na mistari myekundu kutoka machoni hadi kidevuni. Jina langu la ulingoni sasa ni Jinamizi. Jina la Kinue Otaki limeondolewa kwenye matangazo, na kwenye kitabu cha onyesho wameandika kwamba Otaki amestaafu, amerudi kwao.

"Wakikuchukia, umefanya kazi," Dada Nobue alisema akinigeuza kidevu. "Wakikucheka, umekufa. Hayo tu ndiyo ya kujifunza huku. Mengine ni namna ya kushika kiti."

Akanifundisha kushika kiti. Unapiga kwa ubapa, mgongoni, si kichwani, na unapiga kwa nguvu, kwa sababu pigo la uongo linasikika.

4 Julai
Mvua. Rangi haitoki vizuri, nimelala na mistari.

8 Julai
Mvua.

19 Julai
Mvua zimekatika jana, leo joto kama pasi. Pambano letu la kwanza kwenye televisheni.

Nilitokea nyuma ya Ritsu akiwa bado anawapungia watu mikono. Nikampiga kiti mara nne. Nilipiga kwa ubapa, mgongoni, chini ya mabega kama nilivyofundishwa, nikiikwepa shingo. Kelele za wasichana zilikuwa kubwa hadi sikumsikia refa. Nilivyokuwa natoka mmoja alinitemea mate, wa miaka kumi na miwili hivi, ana sare, ana vifundo vya nywele. Alikuwa anatetemeka. Nimepigwa na watu wakubwa kuliko mimi, hakuna aliyenitisha kama yule mtoto.

Bosi alikuja mpaka chumba chetu kunishukuru. Amesema simu za kituo hazikukatika.

Koridoni nilipishana na Ritsu. Nikamtazama. Alitazama ukutani, kama alivyoamriwa. Sikujua angeweza vizuri hivyo.

22 Julai
Nimempigia mama. Nilikuwa nimemwambia zamani kidogo kwamba Jinamizi ni mimi, asije akashtuka. Alizungumza juu ya nyanya zake na mguu wa baba. Nikamuuliza shuleni vipi. Akasema salama. Mdogo wangu akampokonya simu, akasema watoto wamejua, mmoja wa walimu aliropoka, na sasa mama akiwapakulia supu wanaimwaga. Hawataki chakula cha mkono wake.

Mama akachukua simu. "Si kitu," akasema. "Ni watoto. Wewe kula vizuri."

27 Julai
Barua kumi na moja leo, zote za kunitakia kifo. Dada Nobue amesema yeye rekodi yake ni mia mbili kwa siku.

2 Agosti
Nagoya. Nimempiga Ritsu.

3 Agosti
Gifu. Nimempiga Ritsu.

5 Agosti
Joto. Picha yangu iko kwenye mabango sasa, kubwa kuliko ya Dada Nobue. Napigana pambano la mwisho kila siku. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nafua soksi za watu. Wadogo wananiinamia na kuniletea maji kabla sijayaomba. Nimefika, kumbe ndiko huku.

9 Agosti
Niandike ukweli, maana daftari ni langu. Leo nilifurahia. Ritsu alipita karibu yangu kwenye ngazi za nyuma, hapakuwa na mtu, hata mmoja, angeweza kuniambia habari ya asubuhi. Alipita. Kwa hiyo ulingoni nilimbamiza kwenye nguzo kwa nguvu ambayo haikuwa kwenye mpango, na ukumbi ulipolipuka nilisikia raha mwilini kama mtu aliyeingia maji ya moto wakati wa baridi. Nikarudia.

12 Agosti
Nimemwona Ritsu kwa dirisha la basi letu. Alikuwa amesimama nje ya basi lao, mdogo mmoja amepiga magoti anamfunga kamba za viatu. Nilidhani ni ukubwa umempanda kichwani. Halafu mdogo akamkabidhi chupa ya maji, Ritsu akaipokea kwa mkono wa kulia. Begi, kulia. Mkono wa kushoto ulining'inia kama mkono wa koti.

Hakunipita kwa dharau siku ile kwenye ngazi. Alikuwa ameshika ukuta.

Na tarehe tisa nilimbamiza.

13 Agosti
Nimevunja kiapo. Nilimfuata Kocha Kuzuhara jikoni, akiwa anakata vitunguu, nikamweleza yote, tangu Juni.

Hakuacha kukata. "Najua," akasema. "Unadhani sijui mtu aliyeumia shingo anavyogeuka?"

"Bosi anajua?"

"Nilimwambia Julai. Alimpeleka kwa daktari kimya kimya. Daktari alisema apumzike miezi sita. Bosi amesema atapumzika baada ya tarehe saba."

Nikamwambia basi yeye kama kocha akatae. Akaweka kisu chini.

"Mimi nilikataa mara moja, kwa ajili ya msichana mwingine. Ananichukia mpaka leo. Alipigana hivyo hivyo, ila bila mimi kuwa karibu."

Nilikuwa nimeibeba siri hii kama kitu kizito, nikidhani nikiitua mtu ataiokota. Kumbe kila mtu alikuwa nayo mfukoni.

16 Agosti
Sikukuu ya wafu. Kampuni haipumziki, tumefanya maonyesho mawili kwa siku moja.

17 Agosti
Ritsu alinifuata mwenyewe. Alisukuma mlango wa chumba cha kufulia, akaufunga kwa mgongo. Ni mara ya kwanza kuzungumza tangu Juni. Amekonda.

"Umenisemea."

Nikasema ndiyo.

"Umenisemea na hakuna kilichobadilika. Sasa umeridhika?"

Nikamwambia nitamwomba Bosi abadilishe mwisho wa pambano la Osaka. Mpango ni kwamba nimfanyie msumari. Yaani namgeuza kichwa chini miguu juu, namshika kiunoni, kisha nakaa chini kwa kishindo, kichwa chake kikiwa katikati ya mapaja yangu. Refa anahesabu moja, mbili, Ritsu anainua bega, anaamka, ananishinda. Watu elfu kumi wamenunua tiketi ili kuliona bega hilo.

"Usiombe kitu," akasema. "Wewe unakaa huku unanihurumia kama niko kwenye jeneza. Mimi nimeisubiri siku moja tu maishani, Kinue. Siombi huruma yako. Naomba msumari."

Kisha akaniuliza mama yangu hajambo. Nikamwambia hajambo. Akatoka.

25 Agosti
Dada Nobue amenifundisha kumlinda mtu kwenye msumari. Namvuta juu zaidi, kichwa kibaki juu ya turubai la ulingo kwa upana wa kiganja, magoti yangu yatangulie kupokea. Nimefanya na mfuko wa mchanga mara mia. Kiganja kipo kila mara. Magoti yamevimba.

30 Agosti
Niigata. Mvua kidogo.

4 Septemba
Redio inasema kimbunga kinakuja kutoka kusini. Bosi anaomba kichelewe mpaka tarehe nane.

7 Septemba
Kimbunga kimechelewa. Ukumbi umejaa mpaka kwenye ngazi.

Nitaandika kwa mpangilio.

Dakika kumi na tano za kwanza zilikuwa nzuri. Ritsu alikuwa na nuru, sijui aliitoa wapi. Alinirusha kwa mkono mmoja na watu wala hawakugundua. Utepe wa karatasi waliorusha mashabiki ulikuwa umemwagika kila mahali, mweupe wote, wa kwake. Nilimpiga kiti, nilimvuta nywele, walipiga kelele nife. Dakika ya kumi na saba akaninong'oneza, "Twende." Nikamgeuza kichwa chini. Nikamvuta juu, nikakaa, magoti yakatangulia. Kiganja kilikuwepo. Hakugusa kitu.

Watu waliona. Ukumbi mkubwa una macho mengi. Mwanaume mmoja huko juu akacheka, kisha wengine wakacheka, elfu kumi, hata wale wasichana wakaanza kutazamana.

Ritsu alikuwa amelala chini yangu. Aliongea bila kufumbua midomo.

"Wanacheka. Rudia. Safari hii kweli."

Nikasema hapana.

"Kinue. Wanatucheka."

Nikamnyanyua. Kule chini Bosi alikuwa amesimama, ameshika kiti cha mbele yake kwa mikono miwili. Nikamgeuza.

Hapa nilikuwa nimeandika kwamba aliniponyoka kwa jasho. Nimekata. Hakuniponyoka. Nilikisikia kile kicheko, na nilikichukia kuliko nilivyompenda yeye, kwa muda wa pumzi moja. Sikumvuta juu. Nikakaa.

Kicheko kilikatika.

Nikambana mabega. Refa akahesabu moja. Akahesabu mbili, taratibu, akiliangalia bega la Ritsu. Nami nikaliangalia. Nikamwambia inua. Nikamwambia tena. Macho yake yalikuwa wazi, yananitazama, na alikuwa anajaribu, niliona usoni mwake kwamba anajaribu, ila usoni tu. Refa akanitazama mimi. Kamera zilikuwa juu yetu. Akapiga tatu.

Wakaninyanyua mkono. Nimekuwa bingwa wa Japani.

8 Septemba
Kimbunga kimefika. Mabasi hayaondoki. Bosi ametangaza ni ajali ya mchezo na amewashukuru mashabiki.

9 Septemba
Nimekatazwa kwenda hospitali. Jinamizi haendi kuona wagonjwa.

12 Septemba
Kocha amekwenda kumwona Ritsu. Amesema miguu inacheza, atatembea. Mikono bado. Hakusema "bado" kama mtu anayesubiri.

16 Septemba
Nimekwenda, bila rangi, nimevaa kofia ya sufu hadi kwenye nyusi. Hakuna aliyenitazama mara mbili njia nzima.

Kando ya kitanda alikuwa amekaa mama mmoja mdogo wa umbo, mikono mikavu ya mtu wa dawa za nywele. Aliinuka, akaniinamia, akaniuliza mimi nani. Niliogopa, nikataja jina langu la kweli.

"Kinue," akasema. "Wewe ndiye Kinue wa chumbani." Akanishika mikono yote miwili. "Barua zake zote ninazo. Sikuzijibu, nilikuwa na hasira. Nilijiambia angalau anaye huyo rafiki."

Ritsu alikuwa na chuma kuzunguka kichwa. Aliweza kugeuza macho tu. Aliyageuzia kwangu, kisha kwa mama yake, kisha kwangu.

"Ndiye huyo, mama," akasema.

Mama akaniwekea kiti. Akaniletea peasi na kisu, akaniomba nimmenyee Ritsu, kwamba tangu asubuhi hataki kulishwa na yeye, pengine kwangu atakula. Nikamenya. Nikakata vipande vidogo, nikamlisha. Alikula viwili, kwa shida.

Mama aliendelea kuzungumza. Kwamba wamemwambia nimestaafu, na nimefanya vizuri. Kwamba yule wa rangi usoni, akimpata, hatamwambia neno, atamuuliza tu kama ana mama. Nikaendelea kumenya. Peasi lilikuwa limekwisha, nilikuwa namenya kiini.

"Na wewe mama yako yupo?" akaniuliza.

"Yupo."

"Rudi kwake, mwanangu. Usikae na watu wale."

Alipotoka kuchota maji nilisema nilichokuja kusema. Ritsu alifumba macho.

"Nilikuomba mwenyewe," akasema. Kisha, "Lakini ungeweza kukataa."

Nikasema ndiyo, ningeweza.

"Usimwambie. Hana mwingine wa kumshukuru."

Mama alinisindikiza mpaka kwenye lifti, akanifungia mapeasi matatu kwenye kitambaa. Aliinama mpaka milango ikajifunga.

19 Septemba
Mapeasi yameoza mfukoni. Sikuweza kuyala.

24 Septemba
Kocha amesema Ritsu na mama yake wameondoka kwa treni ya asubuhi kwenda kusini. Safari ya siku nzima.

28 Septemba
Hewa imepoa. Barua mia mbili na sitini leo, Dada Nobue amenipigia makofi.

Asubuhi Bosi alinileta mbele ya msichana mpya. Anaitwa Mio, ana miaka kumi na saba, kilo hamsini na mbili, ana kasi, watu wameanza kumpenda. Pambano letu la kwanza limepangwa Novemba. Bosi aliniomba nimnyanyue, aone tunavyoonekana pamoja. Nikamnyanyua. Ni mwepesi, alikuwa anacheka kule juu.

Nilipomshusha aliniinamia, akaniita dada, akauliza kama msumari unauma.

Bosi alikuwa amesimama pale, anasubiri jibu na yeye.

Nikamwambia hauumi.